Bunduki za leva za zamani: venye utazitambua na venye utakusanya aina zake ukiwa hapa Nakuru

Kwanza tumalize mambo ya sheria juu najua kuna mtu ashasoma kichwa na anataka kuuliza ziko wapi anunue. Hapa Kenya bunduki iko chini ya Sheria ya Bunduki, Cap 114, unahitaji cheti kutoka kwa bodi ya leseni za bunduki, na usidanganywe na mtu kwa baa hapo mtaa wa Section 58 ati ikiwa ya babu na imeshika kutu hakuna mwenye atakuuliza. Risasi nazo ziko kwa sheria hiyo hiyo, kwa hivyo hata usianze kuweka risasi kuukuu kwa droo ukisema ni za urembo. Ukikutana na bunduki kwa dari ya nyumba ya mzee huko Molo ama Subukia usiifungue, usijaribu kama inafanya kazi, usiitie kwa gunia upande nayo matatu, ita chifu ama polisi waje wenyewe wachukue. Hiyo imeisha.

Sasa chenye tunakusanya ni picha, katalogi na notisi za kuandika mwenyewe za bunduki za leva, yaani zile za Marekani kama Winchester zenye kuna mkono wa chuma chini ya triga wa kusukuma ndio risasi iingie. Kampuni kubwa za mnada huko Marekani kama Rock Island Auction na Morphy huweka picha za kila bunduki wanauza, kushoto, kulia, juu, chini, maandishi ya mtutu karibu kabisa, na kuangalia ni bure. Picha ni nzito zinakula bando vibaya sana, so pakua usiku ukiwa na zile bando za bei ya chini. Kwa maoni yangu hata ni afadhali hivi, juu mtu wa pesa ananunua tatu nne anazijua hizo tu, lakini wewe ukiwa na picha mia tatu za modeli moja unaanza kuona vitu mwenye kuwa nayo mkononi haoni, kwa nini hii ina pete na hii haina, kwa nini skrubu ya hii iko mbele kidogo.

Tuanze na kitu inachanganya watu huku kwetu. Kwa picha za askari wa enzi za ukoloni mara nyingi utaona bunduki iko na leva chini ya triga na mtu anasema hiyo ni Winchester. Angalia vizuri, pengine ni Martini-Henry. Martini ni ya risasi moja tu, ukishusha leva kipande cha chuma ndani kinashuka, unaweka risasi moja kwa mkono, unafunga, unapiga. Haina bomba la risasi chini ya mtutu na haina nyundo nje. Waingereza waliipitisha mwaka wa 1871 na kwa zile za jeshi, upande wa kulia wa bodi (nikisema bodi namaanisha lile boksi la chuma katikati ya mtutu na kitako, penye leva na nyundo zimeshikwa), utaona taji, herufi V.R. za malkia Victoria, jina la kiwanda kama Enfield, mwaka, na namba ya Marki kwa tarakimu za Kirumi. Ni bunduki nzuri na ina aina zake nyingi, lakini si ukoo huu tunaongelea. Hizi zetu zinabeba risasi nyingi, unasukuma leva chini na mbele ganda linaruka nje na nyundo inajivuta nyuma, ukirudisha leva risasi ingine inaingia mtutuni.



Ukipata picha usikimbilie maandishi, jiulize kwanza risasi zinaingilia wapi. Hilo swali peke yake linakutolea nusu ya kazi. Kama bomba limepasuliwa kwa urefu chini, hakuna mbao ya mbele chini ya mtutu, na risasi zinaingizwa kutoka upande wa mdomo wa mtutu, hiyo ni Henry ya 1860, kazi ya Benjamin Tyler Henry, bodi ya rangi ya shaba, na zilitengenezwa kama 14,000 hivi. Kama bodi bado ni ya manjano lakini sasa kuna kamlango kadogo ubavuni upande wa kulia na mbao ya mbele ipo, umeingia kwa Winchester ya 1866, hiyo yenye Wamarekani walikuwa wanaita kijana wa manjano. Kamlango hako ni ubunifu wa Nelson King na ndio kaliokoa biashara yote, juu na Henry ulikuwa unashika mtutu wenye umepata moto ukijaza risasi huko mbele. Kama mlango uko lakini bodi ni ya chuma na ubavuni unaona bamba kubwa kama limebandikwa, na juu kuna kifuniko cha vumbi kinateleza, hiyo ni 1873. Ukiona yenye inafanana na 1873 lakini ni jitu, imekula ikashiba, ni 1876, ilitengenezewa risasi kubwa kama .45-75 na polisi wa kupanda farasi wa Kanada waliitumia.

Halafu anaingia John Moses Browning, fundi wa kubuni bunduki, na kila kitu kinabadilika. Modeli ya 1886 yake inafunga kwa vyuma viwili vinapanda wima kando ya bolti (kile chuma kinafunga nyuma ya risasi), na hivyo vyuma unaviona kabisa ukiangalia bodi kutoka juu karibu na nyundo. Hakuna tena bamba la ubavuni, hakuna kifuniko cha vumbi. 1892 ni hiyo hiyo 1886 imepunguzwa mwili ikae na risasi ndogo za 1873. Kwa hivyo 1886 na 1892 ni mtu na mdogo wake, utawatofautisha kwa ukubwa wa bodi na kwa kaliba, yaani saizi ya risasi, yenye imeandikwa.

Hapa ndio pahali pazuri pa mazoezi, muvi za kauboi. Zile zenye wazee wetu waliangalia kwa video na zingine bado zinarushwa jioni. Stori inasema ni mwaka wa 1870 na kitu lakini karibu kila mtu ameshika 1892, yaani bunduki haijazaliwa. Watu wa muvi walikuwa nazo tele na zilikuwa imara, hata wakati mwingine walitoa mbao ya mbele wakapaka bodi rangi ya shaba ndio ionekane kama Henry. John Wayne naye alijulikana na 1892 yenye leva imepanuliwa kama pete kubwa. Simamisha muvi, angalia ubavu, tafuta bamba. Kama hakuna bamba na hakuna kifuniko juu, umemshika mwongo. Wa kwako nyumbani watakuchoka lakini jicho linafunguka.

1894 ndio yenye utaona zaidi ya zote, zilipita milioni saba kwa jumla. Siri yake iko chini. Ukipata picha yenye leva imefunguliwa utaona sakafu yote ya bodi inashuka pamoja na leva, kipande kirefu kinaning'inia. Kwa 1892 leva inashuka peke yake. Leva ikiwa imefungwa angalia kama bodi ni ndefu kwenda juu-chini na mstari wa chini umenyooka, hiyo ni 1894. Ilianza na .32-40 na .38-55 za baruti nyeusi, halafu mwaka wa 1895 ikapata .30-30 na .25-35 za baruti isiyo na moshi, na kwa hizo mtutu ukawa wa chuma chenye nikeli na wakaandika hivyo kabisa juu ya mtutu. Kwa bunduki za zamani hutapata 30-30 imeandikwa, utapata 30 W.C.F. (Winchester Center Fire), ni risasi ile ile. Hivyo hivyo 44 W.C.F. ni .44-40.

Na modeli ya 1895, hii ndio naipenda zaidi, na inafaa kupendwa na kila mtu wa Nakuru. Huwezi kuikosea kwa picha juu haina bomba, ina boksi la risasi linatokeza chini mbele ya triga, na risasi zinaingizwa kutoka juu. Sababu ni rahisi, kwa bomba risasi zinapangana ncha ya moja ikigusa kitako cha ingine mahali penye fataki iko (kale kadude kanapigwa kanawasha baruti), so ukitumia risasi zenye ncha kali ni kujitafutia balaa, lakini kwa boksi zinalala moja juu ya ingine. Kwa hivyo 1895 ikaweza kubeba risasi za nguvu kama .30-40 Krag, .303 ya Waingereza, baadaye .30-06, na tangu 1904 ile .405. Theodore Roosevelt alipotoka urais wa Marekani akaja huku 1909 na kijana wake Kermit kukusanyia wanyama Smithsonian, jumba la makumbusho la kwao, .405 ndio ilikuwa yake ya simba. Walishuka Mombasa Aprili, wakapita Naivasha, wakaenda nyanda za Uasin Gishu penye aliona Wanandi wakiua simba kwa mkuki (bila Winchester yoyote, wacha tukumbushane), akafika Njoro kwa mlowezi Delamere, na Desemba akapanda meli Kisumu akavuka ziwa kuenda Uganda. Kwa hivyo ukikutana na picha za safari ile, tafuta boksi chini ya bodi. Kama hakuna boksi na kuna mitutu miwili, hiyo ni ile Holland & Holland alipewa zawadi na marafiki wa Uingereza.

Aina za 1895 ni tamu kukusanya. Kama 5,000 za kwanza hivi ubavu wa bodi ni bapa kabisa, baada ya hapo ubavu ukachongwa ukawa na ngazi. Ya bapa ina bei. Halafu kuna za Urusi, kwa Vita Kuu ya Kwanza serikali ya mfalme wao iliagiza karibu 300,000 za musketi (umbo refu la jeshi) kwa risasi zao za 7.62, na hizo utazijua juu ya bodi kuna vyuma viwili vimeinuka vya kushikilia klipu ya kujazia, na mbele kuna pahali pa singe. Hesabu yote ya 1895 ni kama 426,000, so zaidi ya nusu ya ukoo zilienda Urusi, na nyingi zimeteseka.

Marlin na Savage nitapita haraka. Marlin kutoka 1889 juu yake imefungika na ganda linarukia kando, si juu kama Winchester, kwa hivyo ukiona tundu la kutolea ganda liko ubavu wa kulia na mgongo wa bodi ni mzima fikiria Marlin kwanza. 1893 yao ndio babu ya 336 yenye ilitoka 1948. Savage 1899 haina nyundo nje kabisa, ndani risasi zinakaa kwa kigurudumu kinazunguka, na kwa nyingi za zamani upande wa kushoto kuna kadirisha kadogo kanakuonyesha namba ya risasi zimebaki. Arthur Savage mwenyewe alizaliwa Jamaica. Mimi naona watu wanaidharau bure hii bunduki, ilikuwa mbele ya wakati wake.

Sasa tofauti ndani ya modeli moja, na hapa ndio kukusanya kunaanza kwa kweli. Winchester ilikuwa inauza maumbo matatu, raifali, karabini na musketi. Raifali ya 1873 mtutu ni inchi 24, karabini 20, musketi 30. Raifali ya 1894 ni inchi 26 na karabini 20. Lakini usipime urefu kwa picha utajidanganya, angalia mwisho wa mbao ya mbele. Raifali ina kofia ya chuma kwa hiyo mbao. Karabini ina mikanda ya chuma inazunguka mtutu na bomba, na upande wa kushoto wa bodi kuna pete ya kufunga kwa tandiko la farasi. Musketi mbao yake ni ndefu inakaribia mdomo. Kitako nacho, raifali ya kawaida kina chuma kilichopinda kama mwezi mchanga, karabini kina chuma cha kulala kinapanda kidogo juu ya mbao, na mteja angeomba kitako bapa kama cha shotgan angepewa.

Na wateja waliomba vitu bana. Mtutu wa pembe nane, wa duara, ama nusu pembe nane nusu duara. Bomba nusu lenye halifiki mdomoni. Triga mbili. Mbao ya walnut iliyochaguliwa na kuchongwa miraba ya kushikia. Bunduki ya kufunguka katikati upakie kwa begi, hiyo utaijua kwa kaleva kadogo mwisho wa bomba karibu na mdomo na ile pete ya chuma penye mtutu unaingia kwa bodi. Karabini fupi kuliko inchi 20, za 14, 15, 16, hizo ndio watu wanaziita za watega wanyama na ndio zinaghushiwa sana juu kukata mtutu ni kazi ya msumeno.

Kwa 1873 angalia kifuniko cha vumbi juu. Za kwanza kabisa kifuniko kinateleza kwa mifereji iliyo kando mbili za bodi, na kina alama ya miraba ya kidole umbo la yai. Za pili kinateleza kwa reli moja katikati yenye imefungwa kwa skrubu. Za tatu reli ni ya chuma cha bodi yenyewe, hakuna skrubu, na kifuniko kina mikwaruzo pembeni ya kushikia. Sasa ukiona namba ya bunduki ni ndogo ndogo halafu reli ni ya tatu, kuna shida, mtu amebadilisha kitu. Na kwa ile 1894 mgawanyiko mkubwa ni 1964, kiwanda kilianza kutumia vipande rahisi vya kubonyezwa kwa mashine, namba 2,700,000 kuendelea ni za baada, na wakusanyaji huzikwepa. Kuna vitu vidogo pia, kwa mfano karabini za miaka michache baada ya Vita ya Pili zina mkanda wa mbele bapa, na huo mkanda peke yake unapandisha bei.

Namba. Kwa 1873, 1886 na 1895 iko chini kwa ulimi wa chuma nyuma ya triga. Kwa 1892 na 1894 iko chini ya bodi mbele. Muuzaji mwenye hajaweka picha ya namba, ruka, usipoteze wakati. Ukishapata namba unatafuta mwaka, na hapa kuna vita, juu kuna jedwali la tarehe zenye zimechapishwa miaka mingi kwa vitabu na kuna ile inatoka kwa rekodi zenyewe za kiwanda, na hazikubaliani, hasa kwa 1894. Chukua ya rekodi. Jumba la makumbusho la Cody kule Wyoming ndilo linaweka madaftari ya Winchester, na wanaandika barua kwa malipo kusema bunduki ya namba fulani ilitoka kiwandani na mtutu gani, triga gani, siku gani. Daftari hazijafika mwisho, kwa 1894 zinaishia 353,999 na kwa 1892 zinaishia 379,999. Bunduki za mnada za bei kubwa mara nyingi barua imepigwa picha pia, hiyo picha ya barua weka kwa faili, ni dhahabu.

Ni kama kununua gari hapa kwetu, logbook inasema kitu moja, chesisi ingine, injini imetoka kwa ajali ya mtu. Namba inakuambia bodi ilizaliwa lini tu. Mtutu lazima useme mwenyewe. Winchester walianza kupiga alama yao ya majaribio, WP ndani ya yai, mwaka wa 1905, so ukiona bodi ya 1896 na mtutu uko na WP, ule mtutu ama ulibadilishwa ama bunduki ilirudi kiwandani baadaye. Si lazima iwe uongo lakini andika. Kama kuna alama za majaribio za London ama Birmingham, ilipitia Uingereza, na hiyo kwa mtu wa huku inafurahisha juu wakoloni wengi walinunulia huko kabla ya kupanda meli. Kama kuna jina Uberti na alama za Italia hiyo ni nakala ya kisasa, hata ikiwa imesuguliwa ionekane mzee.

Kuhusu kusuguliwa, angalia herufi za mtutu. Herufi zikiwa zimefifia upande mmoja na chuma kinang'aa, mtu amepitisha msasa akapaka rangi upya. Kona za mtutu wa pembe nane zinafaa kuwa kali, zikiwa zimelainika kama sabuni imetumika, imesuguliwa. Rangi ya mawingu ya bodi, ile ya kahawia bluu na kijivu imechanganyika, ikiwa inang'aa kila pahali hata penye mkono hushika, hiyo ni ya juzi. Chuma na mbao zinafaa kukutana sawa, kama chuma kimetokeza juu ya mbao basi mbao ilipigwa msasa. Na matundu, tundu la skrubu lenye halina sababu juu ya bodi ni la darubini yenye mtu aliweka 1950 na kitu, hiyo inaangusha bei nusu na zaidi.

Kupanga faili, fanya folda kwa modeli, ndani yake folda kwa umbo, na jina la kila picha lianze na namba ya bunduki ndio zijipange zenyewe kutoka mzee hadi mdogo. Kando weka karatasi ya hesabu kwa simu, safu moja moja: namba, kaliba venye imeandikwa hasa, umbo la mtutu, kofia ama mikanda, kitako, pete, alama ya WP iko ama haiko, barua iko ama haiko, na safu ya mwisho ya maneno yako. Usiandike chenye muuzaji amesema, andika chenye jicho limeona, madai yake weka kwa mabano. Ukifika kama hamsini za modeli moja panga kwa namba na upite safu moja ukishuka chini, utaona penye kitu kinabadilika, pete zinaanza kupotea hapa, alama inaanza pale, na ile moja yenye inakataa kufuata ndio unaifungua tena usiku uanze kuiuliza maswali.